Kuacha Miwani na Kuanza Lenzi za Jichoni: Mwongozo kwa Anayevaa Mara ya Kwanza

Mtu anayetaka kuachana na miwani huogopa zaidi kujigusa jicho. Hofu hiyo huisha upesi, mara nyingi ndani ya siku chache tu. Wanaoacha lenzi baada ya miezi kadhaa huwa wameshindwa na mambo mengine kabisa: macho kukauka, wekundu usiokwisha, au maambukizi yaliyoanzia kwenye vidole vilivyolowa maji ya bomba. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye mikono, maji na saa za kuvaa.

1. Kapimwe upya, hata kama namba ya miwani unaijua kwa kichwa

Karatasi ya vipimo vya miwani haitoshi kununulia lenzi. Kioo cha miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, ilhali lenzi hulala juu ya jicho lenyewe, ikielea kwenye utando mwembamba wa machozi. Umbali huo ukiondoka, nguvu inayohitajika hubadilika. Kwa namba ndogo hutaona tofauti, ila ikishavuka 4.00 inahesabika: mwenye miwani ya -6.00 mara nyingi huishia na lenzi ya -5.50, na mwenye +6.00 hupanda hadi kama +6.50. Kwa hiyo usishtuke ukiona namba mpya hailingani na ya zamani.

Kuna vipimo viwili zaidi ambavyo miwani haina. Kimoja ni mkunjo wa lenzi, unaoandikwa BC kwenye boksi. Lenzi laini nyingi huwa kati ya 8.3 na 9.0. Kingine ni kipenyo, yaani DIA, ambacho kwa lenzi laini huwa karibu na milimita 14. Lenzi inayobana huzuia machozi kupita chini yake. Iliyolegea hutelezateleza kila unapopepesa, na kuona kwako kunakuwa leo safi, kesho ukungu. Mtaalamu huangalia haya kwa darubini yake huku wewe ukiwa umevaa lenzi ya majaribio, na hakuna namna ya kuyakisia kutoka kwenye namba ya miwani.

Mweleze kila kitu: mzio, kisukari, dawa unazomeza (dawa nyingi za mzio na za mafua hukausha macho), kama kazi yako ina vumbi au kama unakaa mbele ya kompyuta kutwa. Na kama umevuka miaka 40 na huoni mbali, muulize mapema kuhusu kusoma. Miwani ya kuonea mbali humpunguzia mvaaji kazi kidogo anapotazama kitu cha karibu, lakini lenzi hazimpi nafuu hiyo. Mtu aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu bila shida anajikuta ghafla anaisogeza mbali na uso. Dawa yake ipo: lenzi zenye nguvu zaidi ya moja, au jicho moja kupewa namba ya mbali na jingine ya karibu, au miwani ndogo ya kusomea juu ya lenzi. Bora uambiwe kabla hujalipia.

2. Chagua aina

Lenzi laini zimegawanyika kwa muda wa matumizi: za siku moja, za wiki mbili na za mwezi. Hesabu huanza siku unayofungua pakiti. Lenzi ya mwezi hufa siku ya 30, iwe umeivaa kila siku au mara nne tu.

Kwa anayeanza, mimi naegemea za siku moja bila kusitasita, kama mfuko unaruhusu. Asubuhi unafungua mpya, usiku unatupa. Hakuna kikasha wala dawa ya kuoshea, wala nafasi ya uchafu wa jana kurudi jichoni leo. Ukiidondosha sakafuni unafungua nyingine bila kulaumu mtu. Kwa mwaka mzima huwa ni ghali kuliko za mwezi kwa anayevaa kila siku, ila anayevaa mara mbili kwa wiki huenda akakuta hesabu inageuka.

Mwenye astigmatisimu, yaani jicho ambalo mkunjo wake haulingani pande zote, atapewa lenzi ya toriki, ambayo imetengenezwa isizunguke jichoni. Zipo pia lenzi ngumu zinazopitisha hewa, ndogo kuliko laini. Hizo huchukua siku nyingi zaidi kuzoeleka, lakini kwa baadhi ya macho, hasa yenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyochongoka, huonyesha vizuri kuliko laini.

Suala la hewa si la matangazo ya biashara tu. Konea haina mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya oksijeni yake huipata kutoka hewani kupitia machozi, na lenzi inakaa katikati ya njia hiyo. Ndiyo sababu lenzi nyingi za sasa hutengenezwa kwa silikoni haidrojeli, inayopitisha oksijeni nyingi kuliko zile za mwanzo. Za mwanzo nazo zina kisa chake: mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake Prague kwa mashine aliyoiunga kutokana na vipande vya kuchezea vya watoto, ikizungushwa na dainamo ya baiskeli.

3. Usitoke kliniki kabla hujaitoa lenzi mwenyewe

Kuivaa unaweza kubahatisha. Kuitoa inabidi ujue, kwa sababu saa nne usiku ukiwa umechoka hakuna atakayekutolea. Kaa pale, vaa, toa, vaa tena, toa tena, mbele ya mtu anayeweza kukurekebisha. Ukionyeshwa mara moja tu na kukabidhiwa boksi, omba urudie. Na ukishindwa siku hiyo, panga siku nyingine, hakuna aibu.

4. Mikono, na habari ya maji

Kata kucha. Nawa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato makali, suuza vizuri, kisha kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Neno muhimu hapo ni kausha. Maji yakibaki kwenye ncha ya kidole yatahamia kwenye lenzi, kutoka hapo jichoni.

Kwa nini maji yanaogopwa hivi, wakati tunayanywa na kuogea? Ndani ya maji ya bomba, ya kisima, ya bwawa na ya bahari huweza kuishi kiumbe kidogo kiitwacho akantamiba. Tumboni hakina habari na wewe. Lakini kikikwama kati ya lenzi na konea iliyochubuka kidogo, husababisha ugonjwa wenye maumivu makali, unaotibiwa kwa miezi na unaoweza kuacha kovu la kudumu. Ni nadra, lakini wengi wa wanaoupata ni wavaa lenzi. Isitoshe, lenzi laini hufyonza maji hayo, hubadilika umbo na kung'ang'ania jicho.

Basi: usisuuze lenzi wala kikasha kwa maji, hata yaliyochemshwa, hata ya chupa. Usioge wala kuogelea ukiwa umevaa. Mate ndiyo kabisa. Kuna watu bado huitia lenzi mdomoni ikianguka, na kinywa kimejaa bakteria. Maji yakikuingia bahati mbaya, toa lenzi mapema uwezavyo: ya siku moja itupe, ya mwezi iloweke kwenye dawa yake usiku kucha kabla ya kuivaa tena.

5. Kuvaa

Keti mezani, weka kioo mbele yako. Kama lazima iwe kwenye sinki, ziba tundu kwanza. Anza na jicho lilelile kila siku, kulia au kushoto, upendavyo, ili usije ukabadilishana lenzi.

Weka lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada na uiinue usawa wa macho, mwanga ukiwa nyuma yake. Itazame kwa ubavu. Iliyo sawa inafanana na kibakuli, ukingo wake umesimama wima. Iliyogeuka ndani nje, ukingo wake umepanuka na kulala upande. Baadhi ya lenzi zina alama ndogo, kwa mfano 123. Ikisomeka kinyume, igeuze. Tazama pia kama ina mpasuko au unyuzi. Iliyochanika haivaliwi hata kwa saa moja.

Sasa mikono miwili. Kwa kidole cha kati cha mkono usioshika lenzi, inua ukope wa juu ukiubana pale nywele zinapoota. Ukishika juu zaidi, ukope utaponyoka na kukufunga jicho. Kwa kidole cha kati cha mkono wenye lenzi, shusha ukope wa chini. Usifuate kidole kwa macho. Tazama jicho lako kiooni, moja kwa moja, huku jicho la pili likiwa wazi pia. Sogeza lenzi hadi iguse. Usisukume. Lenzi yenye unyevu itavutwa na machozi yenyewe.

Ikiwa inakataa kubanduka kidoleni, kidole kimelowa: ihamishie kiganjani, kausha kidole, jaribu tena. Wanaopepesa kila kidole kikikaribia hufanikiwa zaidi wakitazama juu kidogo na kuiweka lenzi kwenye weupe wa chini. Ukirudisha jicho mahali pake, lenzi itajipeleka katikati.

Achia ukope wa chini kwanza, kisha wa juu polepole. Funga macho, zungusha mboni taratibu, fumbua.

Dakika za mwanzo utahisi kuna kitu, na machozi kidogo yatatoka. Hilo ni kawaida. Kuchoma si kawaida. Kama inachoma au inakwaruza, toa, isuuze kwa dawa yake, iangalie tena, uirudishe. Ikichoma mara ya pili, iache na fungua nyingine. Kama haiumi lakini unaona ukungu, huenda imegeuka ndani nje, au ya kulia iko kushoto.

Anayejipaka wanja na vipodozi avae lenzi kwanza, ajipambe baadaye. Jioni ni kinyume: lenzi hutoka kabla ya kufuta uso.

6. Kutoa

Mikono inanawiwa na kukaushwa kama asubuhi. Kabla ya kubana chochote, hakikisha lenzi ipo: ziba jicho la pili na utazame mbali. Kama unaona ukungu uleule wa siku zako za bila miwani, lenzi huenda imeshatoka, na unachotaka kukibana ni konea tupu. Watu hujichubua kwa namna hiyo kila siku.

Ikiwa ipo, tazama juu, shusha ukope wa chini, gusa lenzi kwa kidole cha shahada na uiteleze chini hadi kwenye weupe. Hapo ibane taratibu kwa nyama za kidole gumba na cha shahada, kucha zisihusike. Itajikunja na kutoka.

Ikigoma, imekauka. Tia matone mawili ya salaini (maji safi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya lenzi) au matone ya kulainishia yanayoruhusiwa kwa lenzi, pepesa, subiri dakika kadhaa, kisha jaribu tena inaposogea. Usichokonoe jicho lililokauka.

Na ile hofu ya lenzi kupotelea nyuma ya jicho, iweke kando. Utando laini unaofunika weupe wa jicho hujikunja na kurudi ndani ya ukope. Nyuma hakuna njia. Lenzi iliyopotea imejificha chini ya ukope wa juu, au iko kwenye shati lako. Tazama chini, papasa ukope wa juu kwa nje kuelekea kwenye nywele zake, itashuka.

7. Saa za kuvaa

Isipokuwa umeelekezwa vingine, anza na saa nne siku ya kwanza, kisha ongeza saa moja au mbili kila siku. Wengi hutulia kwenye saa kumi hadi kumi na mbili. Hata ukizoea, jitengee jioni ya miwani. Jicho linahitaji hewa yake.

Usilale nazo. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya konea mara 6 hadi 8, na usingizi wa mchana kwenye kochi nao unahesabiwa. Jicho lililofumbwa hupata oksijeni kidogo, machozi hayatembei, na bakteria wana saa kadhaa za utulivu. Zipo lenzi zilizoidhinishwa kuvaliwa usiku, lakini si za kuanzia.

Siku za mwanzo tarajia mambo madogo ya ajabu. Mwenye namba kubwa ya kutoona mbali ataona vitu vimekua, kwa sababu miwani yake ilikuwa inavipunguza. Ngazi zitaonekana karibu kuliko zilivyo, basi shuka kwa uangalifu na usiendeshe gari mpaka uwe umezoea. Pembeni, ambako fremu ilikuwa inakata picha, sasa kuko wazi. Na kidole kitapanda mara kwa mara kusukuma miwani ambayo haipo. Mbele ya kompyuta utakauka macho haraka, kwani tunapepesa mara chache tukikodolea skrini. Pepesa kwa makusudi, ukope wa juu uguse wa chini.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba miwani ilikuwa inakukinga. Vumbi, kipande cha mbao, mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango, yote yalikuwa yanagonga kioo kwanza. Ukiwa na lenzi, fundi avae miwani ya usalama na mwendesha pikipiki ashushe kioo cha kofia. Uvumi kwamba mwanga wa kuchomelea vyuma hugandisha lenzi kwenye konea hauna ukweli, lakini kuchomelea bila kinga huunguza jicho hivyohivyo, lenzi ziwepo zisiwepo.

8. Kuosha, kwa wasiovaa za siku moja

Weka lenzi kiganjani, itie matone ya dawa, isugue taratibu kwa kidole pande zote mbili kwa sekunde kadhaa, isuuze kwa dawa, kisha iloweke kwenye dawa mpya. Isugue hata kama chupa inasema si lazima. Kusugua ndiko kunakobandua uchafu.

Asubuhi mwaga dawa yote. Kuongezea juu ya iliyobaki ni kosa linalofanywa na wabanaji wa matumizi, na dawa iliyokwisha nguvu haiui kitu. Suuza kikasha kwa dawa, kipanguse, kiache wazi kimefudikizwa kikauke. Nunua kipya angalau kila baada ya miezi mitatu. Andika kwenye chupa ya dawa tarehe uliyoifungua, na usiihamishie kwenye chupa ndogo ya safari.

Angalia lebo kabla ya kununua. Salaini husuuza tu, haiui vijidudu. Dawa zenye haidrojeni peroksaidi husafisha vizuri sana, ila zina kikasha chao maalumu na zinahitaji saa zisizopungua 6 ili makali yaishe; ikiingia jichoni kabla ya hapo, utalia. Usichanganye kikasha cha hii na cha ile.

Lenzi iliyokwisha muda itupe kwenye pipa la taka, si chooni wala kwenye sinki. Ni plastiki, na hukatikakatika majini.

9. Wakati wa kuitoa na kwenda kwa daktari

Kila asubuhi baada ya kuvaa jikague: macho ni meupe? Hayaumi? Yanaona vizuri? Jibu moja likiwa hapana, lenzi zitoke. Ukishazitoa na wekundu, maumivu, ukungu, usaha au kuogopa mwanga vikaendelea, nenda siku hiyohiyo. Usingoje kesho, kwani kidonda cha konea huweza kukua ndani ya saa chache. Beba lenzi uliyoitoa pamoja na kikasha chake, daktari huenda akataka vipimwe. Usijitie matone ya jicho yaliyobaki nyumbani, hasa yenye steroidi, maana hupunguza wekundu huku vijidudu vikistawi.

Lenzi haziazimwi. Hizi za kubadili rangi za sherehe pia ni lenzi kamili, zinahitaji kupimiwa hata kama huna tatizo la kuona.

Na kwa kuwa kuna siku lenzi zitalazimika kutoka, miwani usiigawe. Weka moja yenye namba ya sasa mahali unapoifikia. Asiye na miwani ya akiba hulazimisha lenzi kwenye jicho jekundu kwa sababu ana kazi ya kwenda.

10. Kurudi kukaguliwa

Baada ya wiki moja au mbili rudi kwa aliyekupima, na uende ukiwa umevaa lenzi kwa saa kadhaa. Jicho lililotoka tu kuvaa halionyeshi kitu. La saa ya tano linaonyesha kama lenzi inabana, kama konea inapata hewa, kama machozi yanatosha. Mwambie ukweli kuhusu saa unazovaa, pamoja na ile siku uliyopitiwa na usingizi. Kama hupendi unavyojisikia, sema. Kubadili mkunjo au aina ya malighafi mara nyingi hutosha.

Mkikubaliana, omba karatasi yenye jina la lenzi, nguvu, BC, DIA na tarehe ya mwisho wa vipimo. Muuzaji akikwambia hiyo haipo lakini ana nyingine ya namba ileile, usichukue kabla ya kumuuliza mtaalamu wako: namba inaweza kulingana na mkunjo ukawa mwingine.